Ziwa Uliloliacha Nusu

Yaya Consolata, dada yangu mkubwa,

Leo Baba Wivine alikuja kununua ziwa lako. Ndiyo, yule jirani yetu wa hapa Kimanga, mwenye baa, aliyewaambia askari kwamba mwanamke wa Lubarika anayesema Kirundi anashinda ufukoni akimchorea adui njia ya kuvukia ziwa. Ndiye aliyebeba jeneza lako, akalia kuliko mama yako.

Nina hasira, yaya. Hata wewe umenikasirisha. Nilikuomba uchorie ndani, kwa kukumbuka. Ukasema, "Mwangaza iko ya kuangalia, haiko ya kukumbuka," ukashuka ziwani na tablo yako, hii picha ya ziwa, kama siku zote. Askari wakakukamata palepale mchangani. Ulipotoka kasho, mahabusu yao, ulikuwa unatema damu, na barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa na vita. Ulifia mikononi mwangu.

Tangu hapo sikugusa pinso wala rangi. Tablo imeegemea ukuta. Chini ya maji uliweka rangi ya udongo, juu yake kijani, halafu buluu nyepesi. Mimi ningeanza na buluu, na wewe ungenigombeza: "Weye uko na haraka. Maji iko na chini yake." Milima ya Burundi uliipitia mara tatu, rangi nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Umebaki kuwekwa mwanga wa saa kumi tu, jua likijificha nyuma ya milima yetu na ng'ambo ikiendelea kuwaka.

Baba Wivine akasimama mbele ya tablo. "Imalize. Nitaitundika ku baa, watu watamukumbuka."

Nikamwambia, "Nionyeshe na kidole, Baba Wivine. Njia ya kuvukia iko wapi hapa?"

Akatia mikono mifukoni. "Ilikuwa vita. Kila muntu alikuwa na woga."

"Hata minye nilikuwa na woga. Sikuuza muntu."

Akatoka bila kuaga. Nilidhani kumwambia kungenipoza. Wapi.

Padri anasema nimsamehe. Siwezi, na sitakudanganya. Kesho alasiri ninashuka ziwani, mahali palepale. Askari wakiniuliza ninachora nini, nitawajibu: ziwa, kazi ya Consolata wa Lubarika. Nitaweka mwanga taratibu, kila tabaka likauke kwanza. Kisha nitaipeleka kwa mama yako. Haiuzwi.

Pumzika, yaya. Hasira niachie mimi.

Mdogo wako, ingawa si wa tumbo moja,
Riziki