Sauti Niliyomwazima Jenerali

Jumanne, 8 Julai 2025

Saba Saba imeisha, watu wamerudi kazini na mafua. Mimi nimerudi na herufi K. Kamusi yetu ya wasifu imefika K, na Margareth, mhariri mkuu, kanitupia mezani nani? Jenerali Kalowe! Maneno mia na ishirini. Yaende kiwandani kuchapwa Jumatano ijayo.

Ningemwambiaje? Kwamba mtu huyu namjua pengine kuliko mkewe? Miaka ishirini iliyopita, kwenye mahakama ya uhalifu wa vita, nilikaa miezi minne ndani ya chumba cha vioo. Yeye anasema Kifaransa, mimi nasema Kiswahili. Na mkalimani hasemi "anadai kwamba". Mkalimani anasema "mimi". Ndiyo kazi ilivyo. Mimi sikutoa amri. Mimi ni askari, si mchinjaji. Siku nzima!

Rasimu nimeimaliza kabla ya saa sita mchana. Imeteleza kama maji. Nikajisifu, nikarudi zangu nyumbani Pangani, hii ya hapa Kibaha, kumenya viazi.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Margareth kaipenda rasimu. Eti ina staha. Kapenda zaidi pale niliposema jenerali "anahusishwa na vifo vilivyotokea katika bohari la pamba, katika mazingira magumu ya vita". Familia yake nao wameleta barua, ya adabu sana: mzee kafia gerezani mwezi wa tano, basi tusimwite mhalifu. Margareth kasema, dada Salama, si ameshakuwa marehemu jamani, tumwache apumzike.

Nikaitikia. Nikafika mlangoni, nikasimama.

Anahusishwa? Na nani? Alitiwa hatiani! Kwa kuamuru! Akakata rufaa, rufaa ikatupwa. Hukumu nzima niliitamka kwa kinywa changu. Mbona nimeandika hivi?

Nimejua nikiwa njiani kurudi nyumbani. Ile sentensi si yangu. Ni yake. Aliisema siku anajitetea, nami nikaitafutia Kiswahili kwa sekunde mbili, nikaipata, nikaona nimepatia kweli. "Mazingira magumu ya vita." Imekaa ndani yangu miaka ishirini, na juzi imetoka yenyewe, mimi nadhani natunga. Mtu kafa, bado ananiandikisha imla. Nimeogopa. Acha niandike hivyo hivyo: nimeogopa.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Yassin kasema nilikuwa naongea peke yangu wakati nachambua mchele. Nasema nini? Kasema: "Mimi sikuwepo." Akacheka, hukuwepo wapi mke wangu, na maharage yanaungua mbele yako! Huyu mume wangu kwa utani hajambo.

Sikuweza kucheka.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Nimeifuta ile sentensi. Nimeandika "alitiwa hatiani kwa kuamuru kuuawa kwa watu". Watu wangapi? Hapo ndipo nilipokwama. Hukumu inasema sitini na mmoja. Lakini bibi mmoja aliyenusurika, Hajra, alihojiwa redioni mwaka jana akasema sitini na wawili. Alikuwa shahidi. Namkumbuka kwa mgongo, kwa sababu chumba chetu kilikuwa nyuma yake: mtandio wa kijani, na vile visikilizio masikioni. Siku hizi ni raia wa hapa kwetu, anaishi Kisarawe.

Nimempigia Margareth. Kanuna, kisha kasema kama nataka sentensi ngumu, basi nilete idadi isiyoyumba. Jumatatu nakwenda Kisarawe.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Niandike kwa utaratibu.

Nyumba iko nyuma ya soko. Barazani ungo wa makopa ya muhogo, mlango umeegeshwa. Nikapiga hodi. "Hodi wenyewe! Shikamoo mama, mimi natoka Kibaha, mimi ni—"

Ndani kitu kikaanguka. Sufuria nadhani.

"Rudia," sauti ikasema.

Nikarudia. Akatoka ameshika ukuta. Kazeeka, ila ni yeye. Hakunitazama usoni hata kidogo. Alifumba macho, akainamisha sikio upande wangu.

"Ni yeye," akasema. "Amekuja."

Nikamwambia mama, mimi ni mkalimani tu. Akasema anajua. Siku zile pia alijua, walimweleza kwamba kuna mtu kwenye kioo. Lakini jenerali alikuwa anachezesha midomo tu. Kilichomwingia masikioni ni sauti hii. Sauti nzuri ya mwanamke wa Pwani, inasema, "Mama huyu anadanganya." "Miaka yote hii, mwanangu, nikimuota jenerali, ana sauti yako."

Nilitaka kuondoka. Wallahi nilitaka kukimbia! Yeye ndiye aliyenivutia mkeka, akanimiminia chai ya tangawizi, macho bado kafumba.

Nikamuuliza idadi. Sitini na wawili. Mahakama iliandika wenye majina. Mwanawe alikuwa na siku nne, na kwao, kama kwetu, mtoto hupewa jina siku ya saba. Siku ya saba haikufika. Kwenye orodha angeandikwa nani?

Kisha akasema polepole: "Uliniuliza, kama hana jina, una uhakika gani alikuwepo."

Si mimi niliyeuliza, ni wakili wa jenerali. Lakini ni mimi. Ya Rabi, ni mimi. Na nilikuwa nimesahau! Swali kama lile lilipita kinywani mwangu, nikatoka nikaenda kula chakula cha mchana.

Nimemwahidi nitamsomea ukurasa kabla haujaenda.

Jumanne, 15 Julai 2025

Nimempelekea Margareth:

"Alitiwa hatiani kwa kuamuru kuuawa kwa watu waliofungiwa katika bohari la pamba. Mahakama iliorodhesha majina sitini na moja. Shahidi aliyenusurika anamtaja pia mwanawe wa siku nne, ambaye alikuwa hajapewa jina."

Kasoma mara mbili. Kavua miwani. Kasema maneno yamezidi mia na ishirini. Nikamwambia punguza medali, ana medali tatu mle ndani, za nini zote hizo? Nilisema kwa ukali, mpaka mhasibu akageuka.

Margareth kachukua kalamu, kafuta medali mbili. Kasema familia atawajibu mwenyewe. Nilitaka kumkumbatia, nikaona haya.

Jumatano, 16 Julai 2025

Ukurasa umekwenda saa nne asubuhi. Kabla haujaondoka nilimpigia bi Hajra, nikamsomea nikiwa nimejifungia stoo ya ofisini. Aliposikia "wa siku nne" alisema alhamdulillahi, akakata simu. Nikadhani yamekwisha.

Saa kumi, nimesharudi nyumbani, kapiga yeye.

Kasema cha kitabu ni sawa, Mungu akulipe. Sasa nisomee na changu. Nikamuuliza kipi mama? "Sema mimi. Kama kule. Sema, mimi Kalowe niliamuru mlango ufungwe, na mtoto alikuwepo."

Nikamwambia mama, hakusema hivyo. Hakuwahi, mpaka anakufa. Na mimi niliapa kwa msahafu: sitaongeza, sitapunguza. Jana tu nimegombana ofisini kwa ajili ya maneno ya kweli, leo nimtungie maiti maneno?

Akasema, "Alichosema nakijua. Si wewe uliyeniambia? Sasa yeye kafa. Sauti ile nimwombe nani?"

Nimemwambia subiri kidogo, mama. Kasema sikati, nasubiri.

Simu iko mezani, spika nimewasha. Naandika ili mkono uwe na kazi. Kwake kuku wanalia. Yassin kaingia na utani wake mdomoni, kanitazama, katoka. Dakika tisa sasa. Simsikii akipumua, ila najua amefumba macho.

Nimekunywa maji. Nimevuta kiti karibu na simu.

Nimesema, "Mimi..."

Kasema, "Naam. Endelea."