Silinda Hedi ya Lori la Bwana Salum

Buguruni, Dar es Salaam

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile barua yako ambayo sikuijibu. Goti linaendeleaje? Najua baridi imeshaanza huko Upare, nawe umejifunga kanga moja tu mabegani ukidai huisikii. Mimi ni mzima kabisa. Na wewe Naomi, dada yangu unayemsomea mama, soma polepole, usiruke mahali ninapokutania.

Mama, ulisema baba mdogo amenipatia kazi ya kuandika majina ya vibarua katika shamba la katani, na kwamba kama hadi mavuno sina kazi ya maana huku, nirudi nyumbani. Maneno yale yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Miaka mitatu katika gereji hii nimekuwa mtu wa kushikia wenzangu spana na kufua matambara ya mafuta. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilitaka kwanza nipate jambo la kukuambia, na sasa ninalo.

Kuna mzee wa Kizaramo, Bwana Salum, ana lori linalopeleka chumvi, mabati na akina mama wachuuzi Kisarawe, halafu linarudi na muhogo. Injini ni ya silinda sita, ya tangu kabla ya vita, imechoka. Likifika mlima wa Pugu abiria wote hushuka wakatembea nyuma yake hadi juu. Wamezoea, hata hawaambiwi. Mwezi uliopita silinda hedi ikapasuka, yaani kile kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya injini. Ya aina ile haipatikani tena. Mkubwa wetu, Fundi Gulamu, akamshauri auze lori kama chuma chakavu.

Unanijua mdomo wangu. Nikasema mbele ya watu wote kwamba nyuma ya gereji kuna hedi ya lori jipya zaidi la kampuni hiyohiyo lililopinduka, na hiyo itaingia. Nilikuwa nimeshaipima: matundu ya bolti yanalingana yote, na njia zake za hewa ni pana zaidi, kwa hiyo injini itapata nguvu.

"Haya, ifunge wewe," akasema Fundi Gulamu. "Ukiiua injini ya watu, kesho usije."

Kasoro ilikuwa ndani. Valvu za hedi mpya, yaani vile vizibo vya kufungua na kufunga njia za hewa, hushuka chini zaidi kuliko zile za zamani, na zikigonga pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda, injini imekufa. Hapo nikakukumbuka wewe na vyungu vyako. Nikanunua bonge la udongo kwa mfinyanzi mmoja hapa sokoni, nikaukanda kama unavyoukanda wewe, nikautandaza juu ya kila pistoni. Nikafunga hedi, nikaizungusha injini kwa mkono, nikafungua tena. Kwenye pistoni tano udongo ulikuwa umebaki na unene wa kutosha. Kwenye ya sita valvu ilikuwa imeukata hadi kwenye chuma. Kumbe zamani mtu aliwahi kuweka pistoni moja ndefu kuliko wenzake.

Hakuna aliyeona ila mimi. Sikufichi, Mama, niliufuta ule udongo nikaenda kula, maana nilishajigamba mno. Lakini nikaacha chakula katikati. Nikarudi, nikamwita fundi, nikamweleza. Nilidhani atanifukuza palepale.

"Sasa umeufuta wa nini?" akauliza. "Weka tena nione."

Nikaweka tena, akaona. Tukaitoa ile pistoni, tukaipunguza kichwa kwenye lathi, ile mashine ya kukereza chuma, tukapima upya. Safari hii zote sita zilikuwa salama.

Juzi tukatoka na mzigo kamili, Bwana Salum kwenye usukani na mimi pembeni yake. Chini ya mlima wa Pugu akapunguza mwendo kama siku zote, na abiria kwa mazoea wakaruka chini wote.

"Kanyaga, mzee," nikamwambia.

Akakanyaga. Mama, lilipanda! Lilipanda bila kukohoa hata mara moja, na Bwana Salum akacheka mpaka akasahau kusimama. Tukawaacha watu wote kule chini. Tukakaa juu kuwangoja, nao wakaja wakihema, jua kali, kanga zimelowa jasho. Wa kwanza kufika alikuwa Bi Mwajuma, muuza samaki, akanikamata kola.

"We fundi una wazimu? Gari lishapona, mbona hukusema? Sie tumepanda mlima mzima kwa miguu bure!"

Nikaanza kumwomba radhi. Waliobaki nao wakafika wakaanza upya. Nilitukanwa kutoka Pugu hadi Kisarawe, Mama, na hakuna aliyenitukana bila kuniita fundi. Nilifurahi mpaka nikageuza uso dirishani wasinione.

Nisalimie babu anayepiga kengele ya kanisa, shangazi mwalimu wa kwaya, na jirani yetu mkunga. Baba mdogo mshukuru sana kwa niaba yangu, ametuhangaikia. Ile kazi ya katani ampe kijana mwingine.

Mimi mwanao,
Fundi Elieza