Panya wa Kazini na Shemeji Yako

Chumba cha juu ya fundi cherehani,
Jumapili mchana

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Hujambo wewe, na mgongo wako je, umetulia? Wanangu wanakula vizuri? Sisi tu wazima. Mwanao ameota jino la pili na ananiuma nalo. Ladha ya usingizi nimeshaisahau.

Barua yako niliipata. Uliniambia nimtafute mwanamke mwingine kwenye simu ya shemeji yako, maana mwanaume wa umri ule hageukii ukuta bure. Dada, sikuigusa. Si kwamba sikutaka. Kuna jambo limetokea kazini, na tangu siku ile kichwa changu kimevurugika.

Unajua kazi yangu ni kuosha vizimba vya panya kwenye maabara. Kuna madume walionyweshwa dawa ya kutuliza akili kwa wiki nyingi, ile ile anayomeza shemeji yako tangu augue. Wakaletewa majike. Wakanusa, wakarudi kwenye maranda kujilamba. Wakachomwa sindano ya kuamsha hamu, ile inayowatia wenzao wazimu. Wapi! "Mzee kachoka huyo, mpeni kiti," akasema mwenzangu, nikacheka mpaka nikajikuta nalia.

Mtafiti akanieleza kwamba ubongoni kuna kitu kinaitwa dopamini, kinachochea hamu, na dawa hiyo ikinywewa muda mrefu huenda inakipunguza nguvu. Akaongeza, "Lakini hao ni panya, mama. Usiende kutangaza mtaani."

Sasa nishike lipi? Nikinyamaza, naendelea kujiona sitakiwi. Nikisema, shemeji yako ataziacha dawa, na wewe ulikuwepo, kabla hajaanza kuzimeza, alipogawa vitanda vyetu kwa wapita njia huku akiimba.

Nikasema. Akanikodolea macho: "Kwa hiyo mimi na panya?" Kisha, kwa sauti ndogo, "Niziache?"

Nikamwambia akithubutu atanikuta mlangoni na mwiko. Jumanne tunakwenda wote kwa daktari, nami naingia naye ndani, aone haya asione haya. Kama ni dawa, au uchovu wa mtoto, au ni mimi, Dada, mpaka sasa sielewi.

Nisalimie shemeji yangu, na shangazi wa maneno mengi, ila yeye usimsomee hii. Mungu akutunzie huo mgongo.

Jana usiku aliuacha ukuta wake, akalala amenishika mkono. Hakikutokea kitu. Nililala fofofo mpaka kukakucha.

Mdogo wako akupendaye