Riba Kubwa, Jicho la Mama

Shoga, niko nje ya kliniki ya macho, natamani ardhi ipasuke inimeze.

Unakumbuka ile akaunti ya akiba ya mtandaoni niliyomfungulia mama, nikakuringia kwamba riba yake inazishinda benki zote? Leo daktari amesema mama yuko tayari kupasuliwa jicho. Nikabonyeza kutoa pesa, imegoma. Nikarudia, imegoma!

Kumbe pesa zimefungwa mwaka mzima. Nilitazama riba tu, masharti sikuyasoma. Mimi, mhasibu mzima!

Kibaya zaidi, mama hakunigombeza. Akamwambia daktari, "Binti yangu ndiye anayejua mambo haya. Akisema tusubiri, tutasubiri."

Shoga, nilikuwa hata sijamwambia tusubiri.

Kisha akaninyooshea mkono nimshushe ngazi, maana hazioni.