Misumari ya Kwai

Jumatatu, 6 Januari 1975

Nimerudi Lushoto saa tisa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Safari ya tatu ya Dar tangu Julai. Droo ya meza yangu niliiacha imefungwa. Nimeikuta wazi nusu.

Msimamizi wangu wa Chuo Kikuu hakunizungusha. Misumari bila mvua haina takwimu. Ni kweli. Misumari mia na ishirini nimeipigilia Septemba kwenye miteremko ya Kwai, vichwa nimevipaka rangi nyekundu, ili nipime udongo unaochukuliwa na maji. Maji yenyewe hayakuja, vuli imepita kavu. Kwa hiyo misumari ingoje masika, na mimi sasa niende kwa wakulima na fomu za maswali, nizifikishe Dar tarehe 28 Februari. La sivyo nafasi yangu ya shahada ya pili anapewa mwingine. Nina miaka thelathini na tisa. Nafasi ya pili haitakuja.

Bwana Rubeni, Afisa Kilimo wa Wilaya, mkubwa wangu: "Bibi Secilia, shahada ni yako, mahindi ni ya Taifa." Kasema huku anacheka. Mtu anayecheka huku anatazama saa simwamini.

Alhamisi, 9 Januari

Kwai. Misumari kumi na tisa haipo. Imeng'olewa, na mashimo yamefukiwa na kushindiliwa vizuri. Mwizi wa misumari hafukii shimo. Nimemwuliza Mzee Abrahamu, mwenye shamba. Shikamoo, marahaba, habari za kwenu Tabora, za mama — halafu kwenye misumari, hajui. Labda watoto. Labda fuko. Fuko aliyeng'oa msumari wa inchi sita! Ana kitu anakificha huyu mzee.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Wazee walikaa pembeni wakizungumza Kishambaa, wananitupia jicho, na mara mbili nimesikia: kubana shi. Shi ni ardhi, hilo nalijua tangu mwaka wangu wa kwanza hapa. Na kubana, nani asiyejua kubana? Udongo wa Kwai sasa umebana kama sakafu, ukipiga jembe linaruka. Kumbe wana neno lao kwa jambo lile lile ninalolisomea. Nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari. Kishambaa changu ni cha sokoni, lakini masikio ninayo.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda misa. Kutwa nzima ofisini peke yangu na fomu. Nimechapa stensili kwa mkono wangu mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Klara, mpiga chapa wetu, sikumwita. Mdomo wake hauna mlango.

Maswali kumi. La saba ndilo kiini: "Nani au nini kinabana shi hapa kwenu?" Wakijibu ng'ombe, au miguu ya watu, au kulima kila mwaka bila kupumzisha shamba, basi sura nzima ya tasnifu yangu imepatikana.

Jumatatu, 13 Januari

Kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona inanipeleka Mlalo wiki mbili. Fomu atazizungusha Mbaraka, karani wetu wa shamba, Mshambaa wa Shume. Wasiojua kusoma atawaandikia.

Amesoma fomu kimya, kisha akauliza swali la saba nimepewa na nani. Nimelitunga mwenyewe, nikamjibu. Haliwezi kuondolewa? Kwa nini liondolewe? Akakuna shingo. "Watu hawatalipenda, Bibi." Nikamwambia kazi yake ni kupeleka na kurudisha, kufikiri aniachie mimi. Akasema haya, Bibi. Haya yake sikuipenda.

Darasa la nane, miaka kumi na minane kazini, halafu anaona mwanamke wa kuja anakwenda Chuo Kikuu. Kijicho hakifichiki.

Jumanne, 28 Januari

Nimerudi tangu Jumamosi. Mambo si shwari hapa.

Hadija ameniletea maziwa kutoka Kwai kwa miaka minne, hata siku za Idi. Tangu nirudi hajaonekana. Nimemfuata sokoni. Ng'ombe wamekauka, kasema. Wote watatu? Akajibu huku anapanga kabichi zake ambazo zilikuwa zimeshapangika. Dukani kuna foleni ya unga wa mahindi ya njano, ule wanaouita Yanga. Nikajiunga. Foleni ikanipisha, wa mbele akasogea mbele, wa nyuma akarudi nyuma, nikabaki nimesimama kama nguzo katikati ya watu.

Kuna mtu ananisema. Nadhani ni Rubeni. Amewaambia napima mashamba ili wahamishiwe kwenye vijiji vya ujamaa. Akitaka nishindwe, hiyo ndiyo njia rahisi.

Ijumaa, 7 Februari

Fomu ziko wapi? Wiki iliyopita Mbaraka alisema bado. Juzi bado. Leo nimemkamata mlangoni pa ofisi. Kasema zimelowa.

Zimelowa! Tangu Oktoba halijadondoka tone Kwai, watu wanakula unga wa msaada, na fomu zangu zimelowa. Mvua ipi, Mbaraka? Hapo akasema chai. Chai ilizimwagikia. Fomu thelathini na nane, na birika moja. Mtu akidanganya ajipange kwanza.

Na jana nilimwona na Rubeni nyuma ya stoo ya mbegu. Waliponiona walianza kuzungumzia mbolea. Sasa nimeelewa. Hao wawili lao moja.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeandika barua. Kurasa mbili. Kwamba Mbaraka ameficha nyaraka za utafiti, amesema uongo, anakwamisha kazi, na aondolewe wilayani. Nilimpa Rubeni mkononi nione uso wake. Alisoma mara mbili. Akauliza nina hakika? Kama ninavyolijua jina langu, nikasema. Akaitia kwenye bahasha ya Mkoa, Tanga, akailamba, akaifunga.

Hakubisha. Nilijiandaa kwa ubishi, hakubisha. Hilo nalo linanitia wasiwasi.

Jumatano, 19 Februari

Nitaandika pole pole, jambo kwa jambo.

Mbaraka yuko msibani Shume. Nimechukua ufunguo wa stoo. Nyuma ya mzani mbovu, gunia la mbegu za maharage. Ndani yake, chini ya maharage, fomu zangu. Thelathini na nane. Kavu kabisa. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Ushahidi huo hapo.

Halafu nikasoma swali la saba.

"Mwenye misumari." Fomu ya pili: "Bibi wa misumari." Ya tatu: "Anayeuliza anajua." Ya Hadija, kwa mwandiko wake wa shule ya watu wazima: "Naona vibaya kusema lakini ni Bibi Shamba." Ya Mzee Abrahamu ameandika Mbaraka, kwa sababu mzee hasomi: "Ni huyu binti wa Tabora. Amepigilia chuma ardhini na mvua imefungwa. Simchukii. Lakini ang'oe."

Fomu thelathini na moja kati ya thelathini na nane zinanitaja mimi.

Nimekwenda kwa Klara, naye ni Mshambaa. Kubana shi ni nini? Akaacha kupiga chapa. Ni kuharibu nchi, akasema. Si udongo, Bibi, nchi yote. Mvua ikatae, njaa iingie, watoto wafe. Na hilo halitokei hivi hivi, linafanywa na mtu. Enzi za machifu mtu wa namna hiyo alifukuzwa, au yakamkuta makubwa zaidi. Akaniuliza nimelisikia wapi neno hilo. Nimelichapa mwenyewe, nakala arobaini, nikalituma nyumba kwa nyumba. Nimewauliza watu wenye njaa ni nani mchawi wao wa mvua, na swali limetoka kwa mwenye misumari.

Alhamisi, 20 Februari

Nilimwekea Mbaraka fomu mezani. Hakushtuka. Alivuta kiti akaketi, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu.

Alidhani najua neno lile. Siku ya kwanza alidhani ninatega watu. Baadaye alipoanza kuandika majibu ndipo akaelewa kwamba sijui, na wakati huo midomo ilikuwa imeshafunguka. Wazee walitaka niitwe barazani mwezi uliopita. Akawaambia wangoje kwanza fomu zikamilike. Halafu zikawa zimelowa, zinaandikwa upya. Siku zinakwenda, labda mvua itakuja na maneno yaishe. Nyuma ya stoo alikuwa anamwomba Rubeni aninong'oneze niende Dar mapema, nikae huko mpaka masika. Rubeni alikataa, akasema mimi si mtu wa kunong'onezwa.

Nikauliza ile misumari kumi na tisa. Iling'olewa na jirani mmoja wa Mzee Abrahamu, jirani huyo akapata homa wiki ile ile. Tangu hapo hakuna anayethubutu kuigusa. Aliyepigilia ndiye ang'oe, mbele ya watu. Jumamosi wananingoja.

Nikang'oa, masika hayatakuwa na kipimo. Mwaka na robo wa kazi, na jina langu Chuo Kikuu, basi. Nisipong'oa, nitaishi vipi hapa? Na fomu nizipeleke Dar nikasome mbele ya maprofesa kwamba kinachobana ardhi ya Kwai ni mimi?

Nikamwambia habari ya barua. Nilishindwa kumtazama. Alikuwa anajua, Rubeni alimwonyesha siku ile ile. "Imeshafika Tanga, Bibi," kasema, kama anayenijulisha basi limeondoka. Ana watoto sita Shume na shamba la viazi. Nimemwomba radhi. Akasema haya. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumamosi, 22 Februari

Kwai, saa saba mchana. Naandika kwenye benchi la Mzee Abrahamu, wamenipa nafasi ninywe maji. Viganja vimetoka malengelenge. Nimeng'oa sitini. Imebaki arobaini na mmoja.

Watu wamejaa mteremko mzima, wameketi. Mbaraka anashika gunia. Kila msumari ukitumbukia anahesabu kwa Kishambaa, kwa sauti, wote wasikie. Nimeandika barua nyingine kwenda Tanga ya kufuta ile ya kwanza. Sijui kama barua hufutika. Hadija ameniletea maziwa, akaweka kikombe chini hatua tatu kutoka kwangu, akarudi alikokuwa.

Upepo umegeuka. Unatoka upande wa Shume sasa, wa baridi, na nyuma ya msitu kumeanza kuwa kweusi. Wote wameona. Mzee Abrahamu alitazama juu, kisha akanitazama mimi, akavua kofia.

Hakuna mtu wilaya hii aliyeililia mvua kama mimi. Kila asubuhi kwa miezi kumi na mitano, kabla sijanawa uso, natazama wingu. Na ikinyesha leo, itakuwa kweli. Kweli kwao, kweli kwa watoto wao, na hata Mbaraka, naona anavyotazama juu, hata yeye. Hakuna shahada itakayoifuta. Hadija ana watoto watano na unga wa Yanga unakwisha Jumanne. Hilo nalijua, mgao naupanga mimi.

Mbaraka ananiita. Wamesimama wote.

Mungu anisamehe, naomba isinyeshe. Si leo. Nimekaa hapa nimeshika msumari, naomba isinyeshe.