Utajifungulia Wapi, Eufrazia

Ndola, Zambia, 4 Machi 2024

Mke wangu Eufrazia,

Natumaini wewe na mama hamjambo, na huyo aliye tumboni anacheza vizuri. Mimi mzima, kazi ya kuchomelea ipo. Nimeamua kuandika kwa sababu nikipiga simu ya kaka yako wanasikiliza nyumba nzima. Sufiani, dereva wa lori, ataiacha barua kwa Mwaisha, yule anayeuza chai Sangasanga.

Njoo ujifungulie huku. Hospitali haiko mbali na ninapoishi. Yule wa kwanza mlimzika mimi sipo. Safari hii nataka niwe mlangoni.

Msalimie mama, mwambie shikamoo.

Mumeo,
Bartholomeo

Nyandira, 29 Machi 2024

Mume wangu,

Tunaendelea vizuri, ila mvua haikatiki na njegere zinaozea shambani. Mama ameitikia marahaba.

Nilimwuliza nesi wa zahanati kuhusu safari. Akashangaa. "Siku mbili kwenye basi, na mwaka juzi mimba ilitoka ya miezi saba? Wewe utajifungulia mjini Morogoro, tena ushuke wiki mbili kabla." Mama naye anataka niwe karibu. Lakini majirani wanasema mke humfuata mume, na baada ya misa wananiangalia kama mtu mwenye kiburi.

Basi njoo wewe. Hata siku nne tu. Usiku nikigeuka kitandani namsemesha mtoto, maana hakuna mwingine wa kumsemesha.

Mkeo,
Eufrazia

Ndola, 6 Mei 2024

Mke wangu mpenzi,

Hali yako? Mimi sijambo. Nimeomba ruhusa kazini, nimepewa. Jumamosi tarehe 1 Juni nitashuka stendi ya Msamvu, hapo Morogoro mjini. Usibebe kitu kizito.

Mumeo,
Bartholomeo

Ndola, 9 Juni 2024

Eufrazia,

Sijui nikusalimieje. Sijui hata kama umeshajifungua.

Nilisafiri kweli. Nilifika Nakonde, mpakani, nikawa naiona Tunduma ng'ambo, watu wananunua ndizi. Nikasimama kwenye foleni na pasi yangu mkononi. Zilipobaki hatua chache nikatoka, nikarudi nilikotoka.

Kibali changu cha kuishi huku kilikwisha Desemba, nilipokuwa nimesharudi kutoka kwako. Nikitoka, hawataniruhusu kurudi, na kazi ndiyo basi. Ndiyo maana nilikung'ang'aniza uje wewe. Niliona aibu kukwambia. Nilizima simu kwa sababu ningesikia sauti yako ningelia.

Nisamehe. Niambie nifanye nini.

Mumeo,
Bartholomeo

Nyandira, 14 Julai 2024

Bartholomeo,

Salamu. Sisi ni wazima.

Siku ile nilifika Msamvu asubuhi. Kila basi la Tunduma lililoingia nilisimama, nikaangalia abiria mpaka wa mwisho. Alasiri miguu ilivimba, viatu vikakataa. Mwaisha alikuwa amekuja mjini kununua sukari. Aliponiona akaniuliza, "Unamsubiri nani mpaka saa hizi?" Nikamwambia ni wewe. Akanichukua hadi kwa dada yake, nikakaa huko.

Uchungu ulianza tarehe 5. Mama hakuweza kushuka, barabara ilikuwa imekatika. Aliyenishika mkono ni Mwaisha, muuza chai ambaye kabla ya hapo tulikuwa tunapeana barua tu. Nesi akauliza, "Baba wa mtoto yuko wapi?" Nikasema, "Yuko njiani." Nilikuwa bado naamini.

Ni msichana. Anaitwa Prisca. Masikio ni yako.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Kibali hakikuniuma. Kilichoniuma ni kwamba miezi yote hiyo uliniacha nijione mimi ndiye mkaidi, mimi ndiye niliyekunyima mtoto wako. Ungeniambia Machi, ningekwambia rudi, tulime.

Unauliza ufanye nini. Hilo sitakuamulia. La kwangu nimeshaamua peke yangu: Ndola siji, na Prisca atakulia huku milimani. Ukirudi, utatukuta shambani. Lakini usinitajie tarehe. Stendi siendi tena kumsubiri mtu.

Mama Prisca