Asali Uliyonitumia, Mama

Mama,

Ni mimi Nduku. Nimeketi jikoni kwako hapa Muthetheni, kwenye kigoda chako, na nimekukasirikia. Nilidhani nikikuandikia ningeanza na jinsi tunavyokukosa. Tunakukosa, hilo ni kweli, Baba hajui hata mahali unapoweka chumvi. Lakini nimekuja na neno lingine, na ungekuwa hai tungegombana mpaka majirani watoke nje.

Nimepimwa sukari, Mama. Ninayo.

Unajua vile nimeteseka. Tangu nimzae mwanangu Mutua, fangasi ya ukeni imekuwa ikiondoka na kurudi, kama mgeni aliyechinjiwa kuku. Na kila iliporudi nilikupigia wewe, kwani ningempigia nani? Nusu ya wanawake wa hapa sokoni walikuwa wakija kwako na shida hiyo hiyo, wakinong'ona kana kwamba wameiba. Kwako dawa haikukosekana. Utomvu wa kiluma, ule mshubiri ulioukata uani. Mwarubaini wa kuchemsha na kuogea. Maziwa lala ya kupaka. Na asali ya kunywa, vijiko viwili vikubwa kila asubuhi na kila jioni, "ya kusafisha damu." Ulinitumia mtungi mzima hadi kwangu Athi River, mdomo umeufunga kwa kitambaa cha kanisa.

Siku uliyoniambia nijiwekee kitunguu saumu sitaisahau. Nilikuwa kwenye mashine pale kiwandani EPZ, nashona mifuko ya suruali, naungua kama nimekalia jiko la makaa, msimamizi ananiuliza mbona situlii. Nilikupigia nikilia, ukacheka. "Mwaitu, ikiwasha ujue inafanya kazi." Nami nikacheka. Ndivyo nilivyokuamini.

Mwaitu. Uliniita mama yako kwa sababu mimi ni binti wa pili na nilipewa jina lake, kama desturi yetu ilivyo. Nilijivunia sana. Ulikuwa ukinikemea kwa jina langu, halafu ukinihurumia unaniita mama.

Halafu Musyoka akaanza kunishuku. Mume wangu si mtu mbaya, lakini mke anayejikuna mwaka mzima, mume atawaza nini? Aliniuliza nimeutoa wapi ugonjwa huo. Akahamia kwenye kochi. Ulikuja mwenyewe, ukaketi katikati yetu na leso yako ya Chama cha Kina Mama, ukamwambia, "Mtoto wangu ni msafi. Hii ni baridi tu imemwingia." Alikuheshimu, akaacha kuniuliza. Lakini hakurudi kitandani. Lilikuwepo neno moja la kumrudisha, Mama, na ulikuwa nalo mdomoni.

Ulipoanguka shambani na usiamke, tuliwaambia waombolezaji ni presha. Baba alisema hivyo, nasi tukasema hivyo. Baada ya mazishi fangasi ikarudi, na safari hii sikuwa na mtu wa kumpigia. Nikaenda hospitali Machakos mjini. Nesi akanisikiliza, akasema, "Ikirudi namna hii lazima tuangalie sukari." Akanidunga kidole. Alipoona kipimo akaniuliza kama nyumbani kuna mwenye ugonjwa huo. Nikamjibu hapana, bila hata kufikiri. Nikamweleza pia habari ya asali, na nilimwona akiuma midomo.

Nikaja kumweleza Baba. Hakushtuka. Akatazama miguu yake, akasema, "Mwanangu, hata mama yako alikuwa na sukari. Na nyanya yako uliyepewa jina lake, sukari ndiyo ilimmaliza. Mama yako aliniambia ninyamaze, ati watu watasema anatibu wengine na yeye ni mgonjwa."

Ndipo nikakumbuka ile Kwaresima uliyoacha sukari kwenye chai. Tulikusifu kwa mfungo wako. Pasaka ikapita, na chai yako ikabaki chungu. Ukasema umeshaizoea, ni kumtolea Mungu. Baba anasema wewe pia ulianza kwa kuwashwa. Ulijaribu kiluma chako, ulijaribu mwarubaini wako, kisha ukapanda gari kwenda kupimwa mahali wasipokujua. Ukameza vidonge, ukapona muwasho. Wahenga walisema mganga hajigangi. Wewe ulijiganga, tena hospitalini, sisi ukatuachia mitishamba. Na asali uliyoogopa kuilamba, ukanifungia mtungi mzima.

Kwa nini, Mama? Ulidhani mimi siwezi kuwa nayo? Au ulijua, ukaona aibu yako ni nzito kuliko damu yangu? Nimejaribu kukutetea moyoni na nimeshindwa. Nililia kaburini kwako nikidhani nimezika mtu ambaye hangenificha kitu.

Sitakupaka matope kwa kila jambo. Chupi za pamba, kuzianika juani, kutojiosha ndani kwa sabuni, hayo yote daktari wa Machakos alisema ulikuwa sahihi. Kwa mengine alitikisa kichwa. Sasa natumia dawa ya kuweka ukeni na vidonge vya sukari, na nimeanza kulala usingizi. Musyoka nilikwenda naye kliniki, akasikia kwa masikio yake. Ameacha kochi. Hatujaongea sana bado.

Wiki hii Mama Kioko wa sokoni amekuja hapa akiuliza nani amerithi dawa zako. Nikamwambia aende akapimwe kwanza, hata kama ni muwasho tu. Akaniuliza, "Na mama yako alikuwa anajua hiyo maneno ya sukari?" Nikasema hapana, hakujua. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Jana Mwende, kitinda mimba wako, akanipigia. Ana mimba ya miezi sita, anawashwa, anaona aibu kumwambia daktari. Anataka nimtumie asali kama ile yako. Nimemwambia asiinywe, nitafika kwake Jumamosi, twende kliniki pamoja. Ameuliza kuna nini. Nimemwambia nitamweleza tukionana.

Kwa hiyo nakuaga, Mama, na ninakupa ahadi, ingawa hutaipenda. Kaburi lako nitalipalilia. Misa yako nitaiomba. Wanawake wa sokoni nitaendelea kuwaambia wakapimwe, na jina lako sitalitaja. Lakini Mwende ataniuliza kama ulijua, kwa sababu Mwende huuliza, na ana mtoto tumboni. Kwa Mama Kioko nilikuficha. Kwa Mwende sitakuficha. Nitamwambia ulijua.

Pumzika.

Mwanao,
Nduku